Kupungua Bila Kukonda

Hadithi fupi inayosomwa na watu wengi kuliko zote hapa Singida mjini haikuandikwa na mwanachama yeyote wa kikundi chetu. Haina jina la mwandishi. Imetolewa fotokopi kwenye karatasi ya kawaida na kubandikwa kwenye nguzo za umeme, kwenye ukuta wa choo cha kulipia, na kwenye mlango wa duka la mtu ambaye hakuombwa ruhusa. Kichwa chake ni "Punguza kitambi na nyama uzembe ndani ya siku 7". Chini yake pana picha mbili za mama mmoja, au za mama wawili waliofanana, maana fotokopi haisemi kweli. Kisha namba ya simu. Basi, hadithi imekwisha.

Mimi nimeisoma kama nilivyofundishwa sekondari kusoma vitabu, kwa fani na maudhui, na nataka kuihakiki hapa kwa heshima ile ile. Najua wapo watakaocheka. Wacheke, lakini kwanza wanijibu: ni lini mara ya mwisho msomaji alisimama juani akaazima kalamu, akanakili sehemu ya hadithi yako kwenye kiganja cha mkono? Mbele ya nguzo nimeona hayo kwa macho yangu. Yule dada aliandika ile namba, akakunja ngumi ili isifutike, akaondoka haraka kama mtu aliyeiba. Sisi tunaotamani kuwa watunzi wa riwaya hatuna budi kujiuliza mwandishi wa nguzo anajua nini ambacho sisi hatukijui.

Tuanze na muundo. Hadithi hii ina mwanzo na ina mwisho, haina katikati. Katika picha ya kwanza mama ana tumbo, katika ya pili hana. Siku 7 zilizo kati ya picha hizo zimeachwa tupu. Alikula nini Jumanne? Nani aliwapikia watoto, na je, alipowapikia hakuonja? Mumewe alisema nini? Alilala na njaa au hakulala kabisa? "Bila mazoezi, bila kujinyima," inasema karatasi, na kwa maneno hayo manne mgogoro wote umefutwa. Kama ingekuwa riwaya tungeandika kwenye mtihani kwamba huo ni udhaifu wa mwandishi. Kwenye nguzo ndiyo nguvu yake. Mteja hanunui dawa tu, bwana, ananunua hiyo katikati isiyokuwapo. Ananunua ahadi kwamba hatapita pale penye maneno ya watu.

Lakini ufundi mkubwa wa mwandishi huyu uko kwenye matumizi ya lugha, na hapa naomba tukae kidogo.

Nimepitia karatasi nyingi za namna hii, za mjini kwetu na nyingine nilizoziona Manyoni na Dodoma. Sijaona hata moja inayotumia neno "kukonda". Wanasema kupungua, kuondoa, kukata tumbo, kutengeneza shepu, kurudi kwenye mwili wako. Kukonda, hakuna. Si bahati mbaya hiyo. Kwa Kiswahili cha uswahilini, kukonda ni habari ya msiba inayokuja polepole. Mtu akikuambia "umekonda" hakupi taarifa, anakuuliza unaumwa nini au unanyimwa nini na huyo uliyenaye. Na neno hilo lina ndugu zake, wote wabaya: fulani amekwisha, amepukutika, amebaki macho, amekuwa ng'onda, kimbaumbau mwiko wa pilau. Sasa tazama upande wa pili. Amenawiri, amejaa, mwili umemkubali, ameng'ara, mji umempenda. Hata tukitaka kumtukana mtu mnene tunatumia maneno yenye kicheko ndani yake: bonge, kibonge, tipwatipwa. Unaweza kumwita rafiki yako "bonge" mbele ya mama yake na mama akatabasamu. Jaribu kumwita "ng'onda" uone.

Kwa hiyo mteja wa Singida yuko mahali pagumu kuliko mteja wa Ulaya. Yule wa Ulaya anataka kuwa mwembamba, na lugha yake inamshangilia. Wa kwetu anataka kupungua bila kukonda. Anataka tumbo liende lakini mashavu yabaki. Mwandishi wa nguzo amelijua hilo, akachagua neno linalotumika kwa maji ya mtungini na kwa deni la dukani. Kitu kinachopungua bado kipo.

Neno kukonda limebeba mzigo huu tangu zamani za njaa, na wazee wa mkoa huu wa mvua chache wanazijua njaa. "Mwili haujengwi kwa matofali, hujengwa kwa chakula," husema watu, na ndiyo maana mgeni akifika nyumbani akiwa amenenepa anapokelewa kama mtu aliyefaulu mtihani. Halafu ukaja Ukimwi. Wagonjwa wa kwanza nchini walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na kabla watu hawajalijua jina la kitaalamu waliuita ugonjwa huo Juliana, jina la nguo za magendo zilizokuwa zinapendwa wakati huo. Jirani zetu wa Uganda waliuita Slim, yaani wembamba wenyewe ndio ukawa jina la ugonjwa. Kizazi chetu kimesoma Kilio Chetu na Orodha sekondari, tamthiliya zilizofanya kazi yake nzuri ya kuonya, na tukatoka shuleni tukiwa tumezoea kuusoma mwili wa mtu kama cheti cha hospitali. Tangu mwaka 2004 dawa za kufubaza virusi zimekuwa zikitolewa bure na serikali. Leo anayezimeza vizuri anaweza kuwa na mwili kuliko wewe na mimi. Hospitalini ule uhusiano wa wembamba na virusi umevunjika. Mdomoni haujavunjika.

Wakati huo huo tulikuwa tunafundishwa pia kuuogopa unene, ila wa aina moja tu: wa bosi. Baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967, mnyonyaji aliitwa kupe, na kupe kila mtu anajua anavyofanana akishashiba. Katika vibonzo alichorwa na tumbo linalovuta vifungo vya koti. Kisha mwaka 1994 mashindano ya Miss Tanzania yakarudi, baada ya kuzuiwa tangu miaka ya 1960, na wembamba, kwa mara ya kwanza machoni mwa wengi wetu, ukapandishwa jukwaani ukapewa zawadi. Basi msichana wa leo amerithi masomo yote manne kwa pamoja. Mwembamba ana njaa, mwembamba anaumwa, mnene ameiba, mwembamba ni mrembo. Achague lipi?

Kama unaona natia chumvi, nitakueleza habari za shangazi yangu.

Shangazi anauza mafuta ya alizeti karibu na stendi ya Misuna, kwenye madumu na chupa, abiria wa Mwanza na Dar es Salaam wakiwa wanateremka kunyoosha miguu. Chupa zake zina lebo ya kuchapisha yenye maneno "Hayana lehemu". Hiyo nayo ni fasihi. Lehemu inatoka kwa wanyama, na mafuta ya mbegu hayana lehemu ya kuhesabika hata yakikamuliwa na nani. Kwa hiyo lebo ni kweli tupu, sawa na kuandika kwenye chupa ya maji kwamba hayana mifupa. Ila abiria akiisoma haoni "hayana lehemu", anaona "hayanenepeshi". Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta, yawe ya alizeti au samli, kina kalori 120 hivi. Nilipomwambia shangazi hayo alinitazama akasema, "Baba, mimi nauza mafuta. Lebo sikuandika mimi." Nikanyamaza. Anasomesha watoto wawili kwa hayo mafuta.

Mwaka juzi aligundulika ana kisukari. Daktari akamwambia apunguze uzito, akamweleza na namna: ugali nusu ya ule aliouzoea, mlenda na mboga kwa wingi, soda aache kabisa, na kutoka nyumbani hadi stendi aende kwa miguu. Shangazi ni mtu wa kutimiza. Ndani ya miezi 5 alipungua kilo 14, na sukari ikashuka, kila akienda kliniki wanamsifu. Hakunywa chai ya pakiti wala hakupiga namba ya nguzoni. Alipita katikati yote ambayo ile karatasi imeiruka.

Na huko katikati ndiko walikokuwa watu. Kwanza pole zilianza kuja kimya kimya. Kisha mama mmoja akamletea uji wa lishe nyumbani. Halafu kwenye kikoba chao, alipoomba mkopo wa kuongeza mzigo wa mafuta msimu wa alizeti, akaambiwa safari hii alete wadhamini wawili badala ya mmoja kama siku zote. Hakuna aliyesema kwa nini. Shangazi akatazama zile nyuso, akaelewa: walikuwa wanapiga hesabu kama atakuwepo hadi mwisho wa marejesho. Akaanza kuvaa sketi mbili, moja juu ya nyingine. Baadaye akaona sketi mbili zinasumbua kwa joto la stendi, akarudi kwenye soda na chapati. Mwili umerudi, na heshima yake imerudi nao. Sukari nayo imerudi, na usiku miguu inamchoma hata shuka haivumilii.

Nauliza tena, hapo aliyemshinda shangazi ni ulafi? Watu wanaosema wateja wa dawa za kupunguza mwili ni wavivu hawajawahi kukopa kwenye kikoba.

Kuhusu dawa zenyewe sitakaa sana. Chai nyingi za kupunguza mwili zinazouzwa kwenye pakiti za rangi zina majani ya sanamaki, ambayo bibi zetu wa Pwani wanayajua miaka mingi kama dawa ya kufungua choo. Ukiinywa unaharisha, maji yanatoka, mizani inashuka, mafuta yako pale pale yamekaa. Ukiizoea, tumbo linasahau kazi yake. Nyingine ni mbaya zaidi. Dawa iitwayo sibutramini iliondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya hatari yake kwa moyo, lakini wachunguzi wa nchi mbalimbali wameendelea kuikuta imechanganywa kwa siri kwenye vidonge na chai zinazoitwa za asili. Kwenye nguzo, bila shaka, hiyo haikuandikwa.

Nchini kwetu yupo mtu mmoja aliyemshinda mwandishi wa nguzo kwa umaarufu, naye si mtunzi, ni daktari. Profesa Mohamed Janabi alikuwa mkuu wa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, akahamia Hospitali ya Taifa Muhimbili mwaka 2022, na mwaka 2025 akachaguliwa kuwa mkurugenzi wa Shirika la Afya Duniani kanda ya Afrika. Mimi namtazama kama msimulizi. Vipande vya mazungumzo yake kuhusu kitambi, sukari, juisi na kula usiku vilizunguka kwenye simu za watu hadi vijijini, na baada ya muda kila anayekataa soda kwenye harusi alikuwa anaambiwa "umeshamsikiliza Janabi". Kwa nini alisikilizwa? Kwa maoni yangu ni kwa sababu alirudisha ile katikati. Hakusema tu tumbo ni baya. Alieleza chakula kinaingia, kinageuka nini, kinahifadhiwa wapi, na kwa nini muda wa kutokula una kazi yake. Alitoa sababu na matokeo, kitu ambacho ndicho ploti yenyewe.

Na hakuna msimulizi Mtanzania aliyeigizwa kwa vichekesho kama yeye. Wengi walisema ni ujinga wa watu wetu. Mimi naona vile vichekesho vilikuwa uhakiki, tena uhakiki mzuri. Mhusika mkuu wa simulizi za Profesa ni mtu mwenye milo mitatu ya kupunguza, friji, na muda wa kuchagua. Mzee wa Ikungi mwezi wa Januari, ghala likiwa limekwisha na mtama mpya haujakomaa, akiambiwa ale mara moja kwa siku anacheka, kwa kuwa ndivyo anavyokula tayari. Takwimu za taifa zinaonyesha nchi mbili ndani ya moja. Katika utafiti wa afya wa mwaka 2015-16, wanawake 28 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi. Katika ule wa mwaka 2022 walifika 36. Na katika utafiti huo huo wa 2022, watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Mara nyingine mama wa takwimu ya kwanza na mtoto wa takwimu ya pili wanalala kitanda kimoja. Emmanuel Mbogo alikaribia jambo hili katika Watoto wa Mama Ntilie (2002), kwani mama wa kitabu kile anapikia watu chakula huku wanawe wanakosa shule. Ningetamani riwaya inayoendelea kutoka pale.

Sasa turudi kwetu. Tangu Januari tumesoma kikundini miswada 11. Nimeipitia yote nikiwa na kalamu. Katika miswada 8 yumo bosi, na mabosi wote 8 wana vitambi. Kitambi kinaingia mlangoni kabla ya bosi mwenyewe, ndivyo wenzetu watatu walivyoandika, bila kuambiana. Jamani, bosi mwembamba hajawahi kula rushwa? Nakubali tumbo la kupe lilikuwa na maana mwaka 1967. Lakini leo mwenye pesa ndiye anayelipia jim na kununua mboga za majani zilizofungwa kwenye plastiki, na kitambi utakikuta kwa dereva wa lori anayekaa kwenye usukani saa 14 akila chipsi. Tunachora picha ya zamani na kudhani tunaiumbua jamii ya sasa.

Wasichana ndio balaa. Wote ni "wembamba wa wastani", kiuno cha nyigu, umbo namba nane. Tunaandikia Singida, halafu mashujaa wetu wa kike wana miili ya jalada la gazeti la mitindo, na katika miswada yote 11 hakuna hata mmoja anayekula. Wanaagiza soda hotelini, wanaiacha nusu, wanalia. Hakuna anayesukuma sahani kwa kuwa ameanza dayati jana. Hakuna anayejificha na pakiti ya chai. Yule dada aliyekunja ngumi pale kwenye nguzo hayumo katika maandishi yetu, na yeye ndiye msomaji tunayemtafuta.

Euphrase Kezilahabi alipoandika Rosa Mistika (1971), kitabu kilichozuiwa mashuleni kwa muda, angeweza kutupa msichana aliyeharibika na kuishia hapo. Alitupitisha kwanza nyumbani kwa Zakaria, tukamwona baba, ulevi wake na kipigo chake. Alipofika Rosa kwenye yale aliyoyafanya na mwili wake, tulikuwa na katikati yote mkononi. Sisi bado tunaandika picha ya kwanza na picha ya pili.

Upo mswada mmoja ambao nautetea, nao ni ule wa fundi cherehani. Mwenzetu aliyeutunga ameona jambo ambalo hata madaktari hawalioni: fundi ndiye wa kwanza kujua. Kabla mume hajatambua, kabla mashoga hawajaanza kunong'ona, nguo imesharudi kwa fundi ipunguzwe. Mle ndani kuna mama anayeleta gauni la kitenge mara tatu. Mara ya kwanza liachiwe, mara ya pili lipunguzwe, mara ya tatu liachiwe tena, na kila mara fundi anauliza vipimo bila kuuliza sababu. Fundi ana kawaida ya kuacha akiba ya kitambaa ndani ya mshono, vidole viwili, kwa kila mteja wa kike, na kamwe hawaambii. Niliposoma hapo nilifunga daftari nikatoka nje kidogo. Hakuna hotuba katika ukurasa ule. Mashine inalia tu, na mama anatazama pembeni wakati futi inamzunguka.

Kisha mwandishi akaharibu. Katika ukurasa wa mwisho mama anakufa, na inatajwa kwamba alikuwa na virusi. Kumbe majirani walikuwa wamesema kweli! Kwa kifo kile mwandishi amewapa ushindi wale waliodai wadhamini wawili. Nilimwambia mbele ya kikundi, na hapa narudia kwa maandishi: afute ukurasa ule. Amrudishe yule mama kwa fundi mara ya nne, akiwa hai, amepungua na ana afya yake, na mlangoni awepo jirani anayemwangalia. Nataka nijue mama atamjibu nini.

Amesema ataufikiria. Hadi kurasa hizi zinapelekwa kuchapwa alikuwa hajaleta.